Ngumi Chini ya Bampa

Gedion Musyimi alikuwa na gari linalosikika kabla ya kuonekana. Likikaribia soko la Kathonzweni, kuku wanatafuta pa kujificha na wazee wanaocheza drafti wanafunika vizibo vyao kwa viganja visije vikaruka. Lilikuwa Subaru Impreza la buluu, na mgongoni lilikuwa na bawa ambalo halijawahi kupaa kwenda popote. Alilipata kwa kijana mmoja wa Nairobi aliyeoa ghafla, na bibi arusi akatangaza kwamba hatashuka mbele ya kanisa kutoka kwenye kitu kinachonguruma. Balaa la bwana arusi likawa baraka ya Gedion. Alilipokea gari kwa mikono miwili, akawa analiosha kila Ijumaa jioni huku akiliimbia nyimbo za kwaya, sauti ya tatu, kwa kuwa nyingine hazimtoki.

Kazi yake ilikuwa miche. Pale Kibwezi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, alikuwa na kibanda cha wavu mweusi kilichojaa miembe na michungwa midogo ya kupandikizwa, na wasafiri walisimama kununua. Kila Jumamosi alifunga mapema akapanda gari kwenda nyumbani, kijiji kimoja ndani ya Kathonzweni, mahali ambapo lami inakuacha sokoni na kilomita tatu zilizobaki unajua mwenyewe.

Sasa tatizo. Gari lilikuwa juu sana.

Ukimwuliza mtu mwenye akili zake, atakwambia gari lile liko chini tayari. Lakini Gedion hakuwa anauliza watu wa aina hiyo. Alikuwa mwanachama wa Chini Kabisa, kikundi cha vijana wa Kitui na Makueni wenye magari ya kasi, ambao kila mwaka mvua zinapokaribia hukutana mjini Kitui na kuteremka na ile lami nzuri inayopita Mutomo mpaka Kibwezi. Mwenyekiti wao aliitwa Muthama, mwalimu wa hesabu, na katiba ya kikundi ilikuwa ngumi yake. Kabla ya safari, Muthama hupita gari baada ya gari, hupiga magoti, husukuma ngumi chini ya bampa ya mbele. Ngumi ikikwama, wewe ni mtu, unakwenda mbele na wapiga picha. Ngumi ikipita, unapelekwa mkiani, nyuma hata ya pikapu inayobeba maji ya kunywa.

Mwaka uliopita ngumi ya Muthama ilipita chini ya gari la Gedion. Ikafuatwa na kiwiko. Kisha Muthama akainamisha kichwa, akaita kwa sauti ya darasani:

"Gedi! Huku chini umepangisha watu?"

Vijana walicheka Kitui, wakacheka Mutomo, na walipofika Kibwezi kuna mmoja alikuwa bado anajipangusa machozi. Gedion naye alicheka, kwa meno ya mbele tu. Mwaka mzima akawa nalo hilo swali. Anamwagilia miche, analisikia. Anapiga mswaki, analisikia.

Ndiyo maana wiki moja kabla ya mkutano wa mwaka huu alikuwa amesimama kwenye gereji ya Evanson Muchiri, akitazama springi nne fupi nyekundu zilizotundikwa ukutani kama mishikaki.

Muchiri alikuwa fundi wa watu wote pale Kibwezi. Wazazi wake walishuka kutoka Murang'a zamani wakifuata biashara ya barabara kuu, yeye akazaliwa hapo hapo, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wakamba wengine ambao sitawataja.

"Alhamisi saa mbili asubuhi niletee," Muchiri alisema. "Saa sita unatoka hapa, gari imekaa kwa lami kama mkeka. Huyo mwalimu wako akitaka kuingiza ngumi, aanze kwanza kuchimba shimo."

"Wewe ni Mungu mdogo, Muchiri."

"Ngoja kwanza, bana. Kwenu barabara iko aje?"

Gedion akazikazia macho zile springi.

"Si nakuuliza? Hizi springi nikiweka, chini inabaki ngumi moja. Moja! Wewe Jumamosi unaendaga kwenu. Kwenu kuna lami?"

"Kuna... kuna mahali ni nzuri."

"Mahali ni nzuri ni wapi, kwa nyumba?" Muchiri aliweka spana chini. "Skiza, buda. Mimi naunda gari, siuui gari. Enda kwenu utembee hiyo barabara yote na mguu. Pale tairi inapita, weka ngumi chini. Halafu weka shavu chini, uangalie. Kama udongo wa katikati uko juu ya ngumi, hapo gari itaacha tumbo. Ukimaliza, unipigie. Ukisema niweke, naweka. Ukisema nisiweke, bado tutasalimiana."

Lilikuwa shauri la maana, na lilimkera Gedion kwa sababu hiyo. Alijua vizuri barabara ya kwao. Na alijua jambo jingine ambalo hakumwambia Muchiri: ukishapita soko, gari lake ndilo pekee lililokuwa likifika kule kila wiki. Mwezi wa nane alikuwa nyumbani wakati jirani yao Kalondu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa alfajiri, kabla ya wakati wake. Mama anayejifungua humpandishi bodaboda. Gedion alimweka kiti cha nyuma, wakafika hospitali mtoto akiwa bado anafikiria. Akishusha gari, ataliacha sokoni kila Jumamosi na kumalizia kwa miguu. Asiposhusha, ni mkiani tena, nyuma ya maji ya kunywa. Alipiga hesabu hizo toka Kibwezi mpaka Makindu, akakata kona ya kwenda Kathonzweni hajapata jibu.

Jumamosi hiyo akaliegesha gari sokoni, akaanza kutembea.

Kwenye korongo la kwanza alitazama nyuma, akatazama mbele, akaona hakuna mtu. Akapiga magoti. Akaweka ngumi kwenye njia ya tairi, akalaza shavu mavumbini, akafumba jicho moja. Udongo ulikuwa juu ya ngumi. Akainuka, akajipangusa, akatembea hatua thelathini, akapiga magoti tena. Juu tena. Akapiga magoti penye mzizi wa mgunga, penye jiwe linalojulikana kwa jina, penye mfereji uliokatwa na mvua za Aprili. Kila mara anakaa chini kidogo, macho yamefumbwa nusu, midomo inatembea kwa sababu anahesabu. Kila mara anainuka akiwa na huzuni zaidi.

Mahali pabaya kuliko pote palikuwa karibu na nyumbani: tuta la mama jirani, Mutanu. Lilikuwa limelala mshazari barabarani, udongo na mawe, na kila aliyepita pale alilijua. Mvua ikinyesha, maji yote yanayoteremka na barabara hugonga lile tuta, yakageuka, yakaingia kwenye mtaro na kwenda kujaza silanga la Mutanu, bwawa la udongo lililochimbwa kwa mkono chini ya shamba lake. Gedion aliweka ngumi. Juu yake akaweka ya pili. Ya tatu akaiazima, kwa maana ya kwamba aliitoa ile ya chini akaipandisha juu. Ngumi tatu na dole gumba. Hata sasa, kabla ya springi yoyote, gari lilipita hapo kwa kwenda upande upande kama kaa, abiria wakiwa wameshuka.

Akabaki amepiga magoti. Paji la uso liligusa udongo. Alikuwa anaomboleza picha zake za mbele.

"Mungu anasikia, Gedi," ilisema sauti nyuma yake.

Akaruka. Alikuwa Wavinya, jirani, mwimbaji wa kwaya, amesimama na punda wake wa mitungi. Na alikuwa amesimama kwa heshima, kitambaa amekishika mkononi, punda naye ametulia kama aliyeelezwa.

"Nimekufuata toka kule kwa jiwe," Wavinya alisema taratibu. "Sikutaka kukukatiza. Mtu akiwa anaongea na Baba yake hawezi kukatizwa. Hii barabara imetutesa, Gedi. Lakini hakuna aliyewahi kuipigia magoti hatua kwa hatua. Hakuna."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nafasi yenyewe ilikuwa pana, lori lingegeuka. Gedion alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kinachotoka kwa kila mtu aliyelelewa kanisani akisikia sauti ya namna ile.

"Amen," alisema.

Jumapili kanisa lilijaa kuliko siku za kawaida. Gedion alikaa nyuma karibu na mlango, mahali pa watu wenye magari. Mchungaji alifika kwenye matangazo, akavua miwani.

"Kuna kijana wetu," alianza, na Gedion akahisi masikio yakipata moto. "Ana kazi yake, ana gari lake. Angeweza kupita tu hapo juu ya makorongo yetu na kutuachia vumbi. Lakini jana ameonekana, jua kali, amepiga magoti mahali thelathini na moja. Dada Wavinya alihesabu. Thelathini na moja, akiombea barabara yetu!"

Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Gedion aliinuliwa na mikono asiyoiona, akasukumwa mbele, akasimama pale akiwa na uso wa mtu aliyeshikwa akiwa na mbuzi wa jirani. Watu waliuona uso huo wakasema, tazama unyenyekevu.

Kisha Mutanu akasimama. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha kijiji kinachochimba matuta na mabwawa kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho. Alizoea kusema mbele ya watu, na alizoea kusema kwa ufupi.

"Gedion ameomba. Sasa sisi tukikaa, Mungu ataweka mkono wapi? Jumanne saa moja asubuhi, kila nyumba mtu mmoja na jembe. Tunaanza sokoni. Asiyekuja, kuku wake atakuja kwa niaba yake."

Hilo la kuku halikuwa utani. Kuku wengi wa kijiji kile walikuwa wameliwa kwa niaba ya wenyewe.

Usiku wa Jumatatu, kule Kibwezi, Gedion hakupata usingizi. Alijigeuza. Angeweza kusingizia kazi. Angeweza kutuma kuku. Lakini Jumanne kabla ya saa moja alikuwa sokoni na jembe la kununua, bado lina karatasi ya duka.

Walikuja watu thelathini na sita. Wakamama wengi, wazee wachache, vijana ambao mama zao waliwatoa kitandani. Walikuja na majembe, sururu, makarai, mikokoteni ya punda iliyojaa mawe. Mmoja alianzisha wimbo, majembe yakaanguka pamoja, na ile barabara iliyokuwa adui wa watu kwa miaka ikaanza kutengenezwa kipande kwa kipande kama nguo ya zamani.

"Wewe uliomba, sisi tunachimba!" walimtania. "Kwa nini hukuomba trekta?"

"Alikuwa anaogopa kusumbua."

"Mara ya pili, Gedi, ukipiga magoti, taja trekta kwa jina!"

Alichimba kama mtu anayefukuzwa. Mikono yake ya kushika visu vya kupandikizia ikatoa malengelenge kabla ya saa nne. Mama mmoja aliona, akararua kanga yake pembeni akamfunga kiganja, akarudi kwenye karai lake. Saa sita waliletewa isyo, mahindi na maharagwe kwenye sufuria ya kanisa, na sahani ya kwanza ikapewa yeye. Alikula kichwa kikiwa chini. Hakuwahi kula chakula kitamu hivyo ambacho kilikataa kushuka.

Kufikia saa tisa walikuwa wamekaribia nyumbani. Gedion aligeuka akaitazama kazi. Makorongo yamejazwa mawe na kushindiliwa. Udongo wa katikati umekwanguliwa. Yule mzizi wa mgunga umekatwa. Na jicho lake lililozoea, bila ruhusa yake, likapima: ngumi moja inapita. Inapita. Inapita. Moyo ukapiga teke. Kumbe angeweza kushusha gari! Alhamisi saa sita angekuwa mkeka, na Jumamosi Muthama angevunja kidole. Mambo yote mawili yamepatikana, mbele kule Kitui na nyumbani huku, na hakuna aliyeumia.

Lilibaki tuta.

"Hili nalo linaenda," Mutanu alisema.

Majembe yakasimama. Wavinya akajipangusa jasho, akamwita mama kwa Kikamba. "Mwaitu, na silanga?"

"Silanga litapata maji kutoka mbinguni moja kwa moja."

"Ya moja kwa moja hayajazi hata sufuria. Mvua iko hapa wiki hii, mawingu si unayaona? Ukiondoa tuta leo, maji yote yanashuka mtoni. Utamwagilia na nini Januari?"

"Wavinya, Kalondu alilia hapa." Mutanu alisema hivyo akielekeza kidole chini, miguuni pake. Kalondu alikuwa mke wa mwanawe. "Hapa hapa. Uchungu umemshika, na gari linapapasa njia ya kupita juu ya udongo nilioweka mimi mwenyewe. Nilisukuma kwa nyuma nikiwa nasema, Mutanu, tuta lako litaua mtoto wako. Gedi hakusema kitu. Alipita polepole, akafika, na nina mjukuu anayenyonya mpaka usiku hatulali. Gari lililoniletea mjukuu halitakwaruza tumbo kwangu tena. Sogeeni."

Akainua jembe, akalishusha. Donge kubwa likang'oka. Akainua tena.

Gedion alikuwa amesimama hatua tano. Hakutakiwa kufanya lolote. Hakutakiwa hata kuinua mkono, kwa kuwa mkono wenyewe ulikuwa umefungwa kanga. Kila jembe la Mutanu lilikuwa linamsogeza mbele, toka mkiani, kupita pikapu ya maji, kuelekea kwa wapiga picha. Aligeuza macho asitazame, na macho yakaangukia silanga.

Lilikuwa kavu, kama kila mwisho wa Oktoba. Matope yalikuwa yamepasuka vipande vipande. Na katikati ya nyufa, vipande vyeusi vya plastiki vilikuwa vimechomoza. Alivitazama muda kabla ya kuvijua. Vilikuwa viriba vya miche. Vya kwake. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa, mama yake, Ndila, amezikwa miezi miwili nyuma, na yeye ana miche mia mbili ya miembe aliyoipandikiza kwa wembe, hana tone la maji. Mutanu alipita siku moja akaiona ikinyauka. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Si silanga liko pale? Chota." Gedion alichota kiangazi hicho na kilichofuata, ndoo asubuhi na ndoo jioni, na hakuna siku aliyoulizwa amechota ngapi. Ile miche ndiyo iliyomfikisha Kibwezi. Kibanda, wavu mweusi, bawa la plastiki, vyote vilitoka ndani ya lile shimo.

Na maji ya shimo yaliletwa na tuta.

"Mwaitu, simama!"

Mutanu alikuwa ameinua jembe la tano. Alilishikilia hewani.

"Sikuwa naomba," Gedion alisema.

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi arudie, na safari hii sauti ilitoka nyembamba. "Jumamosi. Ile siku Wavinya aliniona. Sikuwa naomba. Nilikuwa napima."

"Unapima nini na shavu chini?" aliuliza Wavinya.

"Barabara. Nilitaka kushusha gari."

"Kushusha kutoka wapi?" Mutanu aliuliza.

"Kushusha tu. Likae chini zaidi."

Mutanu aligeuza kichwa kuelekea sokoni lilikoegeshwa gari, kama anayelikumbuka umbo lake. "Zaidi ya vile lilivyo?"

"Eeh."

"Kwa nini?"

Kule gereji alikuwa na majibu mengi. Pale, mbele ya watu thelathini na sita waliopakwa vumbi mpaka kope, alitafuta akapata moja tu. "Ili ngumi ya Muthama isipite."

"Muthama ni nani?"

"Ni mwalimu. Wa Kitui."

"Na anaweka ngumi chini ya gari lako akitafuta nini?"

Punda mmoja alipiga chafya. Kisha kuna mama, nyuma kabisa, aliyejaribu kuzuia kicheko kwa ncha ya leso, kikamshinda, kikatoka puani. Basi. Kijiji kizima kikaanguka. Mzee mmoja aliketi chini juu ya karai lake. Wavinya alicheka akilia, akashika shingo ya punda asianguke.

"Thelathini na moja!" alipiga kelele. "Na mimi nikahesabu! Asi! Mchungaji akavua miwani!"

"Nisameheni," Gedion alisema. "Nilitaka kusema. Halafu..."

"Lakini Amen ulisema," Wavinya alimkatiza, akijipangusa. "Nilikusikia na masikio yangu."

"Nilisema."

"Basi Mungu alisikia hiyo Amen, yale mengine hakuangalia. Barabara si hii hapa?"

Mutanu peke yake hakuwa amecheka. Alikuwa bado ameegemea jembe, anamtazama Gedion kwa namna ambayo wengine waliona, wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

"Ungenyamaza tu," alimwambia. "Nilikuwa nimebakisha kidogo. Ungepata hiyo ngumi yako."

"Ningepata."

"Sasa?"

"Mwaitu, mimi nilichota hapo," Gedion alisema, akionyesha silanga. Kisha aliinama akaokota lile donge la kwanza alilong'oa Mutanu na kulirudisha mahali pake, akalikanyaga. Kanga ya mkononi ilikuwa imelowa.

Mutanu alimwacha akanyage la pili. La tatu akampokea mkononi.

"Hujui kushindilia," alisema. "Sogea. Na nyinyi mnatazama nini, sinema? Mawe!"

Walilijenga upya kabla ya jua kuinama. Na kwa kuwa walikuwa wengi, na kwa kuwa mkokoteni mmoja wa mawe ulikuwa umebaki, na kwa kuwa mwethya ikishika kazi haijui kuacha nusu, tuta lilitoka refu kuliko lilivyokuwa, ila walilipa mteremko mrefu kila upande, wa kupandwa taratibu. Gedion alikwenda kulileta gari. Lilinguruma kuteremka ile barabara laini bila kugusa kitu, watu wakilipigia makofi, na kwenye tuta likasimama.

"Kata kushoto!"

"Kushoto gani, atamkanyaga punda!"

"Taratibu. Taratibu. Kuja. Kuja... Pita!"

Lilipita. Tumbo liliacha nafasi ya vidole viwili, na Wavinya ndiye aliyeweka vidole hivyo, amepiga magoti, shavu chini, akiimba haleluya kwa dhihaka.

Jioni hiyo Gedion alimpigia Muchiri.

"Usiweke," alisema.

"Nilijua. Hata sijazitoa kwa ukuta."

"Ulijuaje?"

"Kwani nilikutuma upime kwa nini, Gedi? Mtu ameamua kuharibu gari yake, ukimuuliza barabara ya kwao anajibu haraka. Wewe nilikuuliza mara mbili." Akacheka. "Hebu pitia hapa kesho niangalie breki. Za Jumamosi. Usinishukuru, nakujua wewe, utaanza kuimba."

Mvua ilianza Alhamisi alasiri na haikupumua mpaka Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi Gedion alikuwa Kitui, kwenye uwanja, katikati ya magari yaliyokaa chini mpaka yakaonekana yamezama. Hakuwa ameliosha gari lake. Muthama alimfikia, akapiga magoti, akasukuma ngumi, ikapita bila kugusa kitu, akatikisa kichwa na kuonyesha mkiani bila hata kuongeza utani. Gedion alirudisha gari nyuma ya pikapu ya maji ya kunywa, akazima, akatoa simu. Tangu Alhamisi alikuwa akipiga, na mtandao wa kule nyumbani ulikuwa umelala na mvua. Sasa iliita.

"Mwaitu? Limejaa?"

"Unasema?"

"Silanga! Limejaa?"

"Linamwagika!" Nyuma ya sauti ya Mutanu kulikuwa na kelele kama ya mashine ya kusaga. "Tuta limekaa, hakuna jiwe limetoka. Maji yaligeuka yote. Yote, Gedi! Lakini siwezi kukusikia, vyura wameamka na jamaa zao."

"Nasema muvea, mwaitu!"

"Nini?"

Alitoka ndani ya gari, akaziba sikio moja. "Nasema asante!"

"Ya nini tena?" Mutanu aliuliza.

Gedion aliegemea mlango wenye matope. Akaanzia kwenye viriba, kwa sauti ya juu ili awashinde vyura, bila kujali ni nani uwanjani alikuwa amegeuka kumtazama. Magari ya mbele yalipoanza kunguruma kuondoka, orodha yake ya asante ilikuwa bado haijafika kwenye barabara.